Pumu ya Kumeza

Mikumi nzima ilimwita Dresa. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho chake, na sidhani kama lilitumika mahali pengine. Dresa ni cheo cha zamani cha zahanati: mtu aliyesafisha vidonda, akagawa dawa dirishani, akachoma sindano, na daktari asipokuwepo akawa yeye ndiye daktari. Cheo chenyewe kilifutwa siku nyingi. Nilipopangiwa kazi ya uuguzi pale, nikitokea kwetu Berega, yeye alikuwa amestaafu zamani, lakini kila asubuhi nilimkuta ameshakaa kwenye benchi la wagonjwa, suti yake ya kaunda ya kahawia imepigwa pasi, miguuni katambuga.

Siku ya kwanza nilidhani ni mgonjwa. Nikamwamkia, nikamuuliza anasumbuliwa na nini.

"Marahaba, Sista. Sisumbuliwi na kitu. Namsubiri atakayepotea."

Sikumwelewa. Nilimwelewa wiki ileile, alipokuja bibi mmoja kutoka Kidete akaniomba chumvi ya haluli. Nikamjibu kwamba chumvi inauzwa dukani, hapa ni zahanati. Bibi akajitanda kanga yake vizuri, akageuka kuondoka. Dresa akamfuata, akamrudisha kwa mkono, kisha akaniinamia dirishani.

"Anataka dawa ya kulainisha tumbo. Hajapata choo siku kadhaa, ila hawezi kukutamkia hivyo mbele za watu."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa kazi aliyojipa. Wazee walikuja na majina waliyoachiwa na zahanati za ujana wao. Dawa yoyote ya malaria ni kwinini, sindano yoyote inayouma ni peni, dawa ya kidonda ni maji ya zambarau hata kama siku hizi ni nyeupe. Sisi tulikuwa na majina mapya, yaliyoandikwa kwenye maboksi. Yeye alikaa katikati yetu na wao.

"Dawa ikiisha stoo, jina lake haliishi," aliniambia. "Linabaki mdomoni mwa mgonjwa. Ukimcheka hatalitaja tena, na wewe hutajua amemeza nini."

Kusalimiana naye kulichukua muda. Akishakupa mkono hakuuachia. Vidole vyake viwili viliteleza polepole mpaka kwenye kifundo, na huku anakuuliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, alikuwa anahesabu mapigo yako. Wenyeji walishazoea. Wageni walinyakua mikono yao kwa hofu. Mama ntilie mmoja wa stendi alishikwa hivyo mbele ya wateja wake, akaambiwa, "Mama, umekaa lakini mapigo yako yanakimbia. Nenda kapime damu."

"Mzee, mimi nauza wali, siuzi mkono!"

Wateja walicheka. Siku ya tatu mama yule alikuja zahanati mwenyewe, akishika ukuta, na damu yake ilikuwa chini mno. Alitibiwa, akapona. Tangu hapo Dresa aliletewa sahani ya wali kila mchana, na kila mchana aliila yote huku akilalamika kwamba chumvi imezidi.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na hakuona haja ya kuyapatanisha. Alitukataza kuwafokea wagonjwa, kisha yeye akamfokea mtu aliyeacha dozi katikati mpaka vioo vya dirisha vikatetema. Aliswali swala tano, na rafiki yake mkubwa alikuwa mwinjilisti wa Kianglikana, mzee wa milimani kama sisi watu wa Berega. Walibishana kila Jumamosi juu ya jambo moja tu: nani kati yao angemzika mwenzake, na kama huyo mwenzake angekubali namna ya kuzikwa. Alisema dawa zote ni sumu zenye adabu. Lakini ukimwambia unaumwa kichwa, alikuwa wa kwanza kukutafutia kidonge.

Na usingizi aliuheshimu kama mtu anavyomheshimu mkwe. Mgonjwa akisinzia kwenye foleni, Dresa hakuruhusu aamshwe mpaka zamu yake ifike. Mimi mwenyewe aliwahi kunifukuza kazini mchana kweupe, nilipotoka zamu mbili mfululizo, akachukua ufagio niliokuwa nao mkononi. "Nenda ukalale, Sista. Mkono usiolala unachoma sindano mahali pasipo pake." Yeye lakini hakuwa mtu wa kulala. Jirani zake walilijua hilo, na kahawa chungu aliyokunywa kijiweni ingewatosha wanaume watatu. Nilipomuuliza, alijibu kwamba kahawa ni kinywaji, si dawa, akabadilisha mazungumzo.

Kitu kilichonikera kwake kilikuwa matembezi yake ya alasiri. Mikumi iko kwenye barabara kuu, na malori yanayotoka au kwenda Zambia hupumzika pale, pamoja na yale ya miwa yanayotokea upande wa Kidodi. Dresa alipita kwenye maegesho, lori moja baada ya jingine, akiwauliza madereva swali lilelile.

"Dereva, jana umelala wapi? Umelala saa ngapi?"

"Dresa, unataka kunioa?"

"Mzee, hata tembo wa hifadhini wanavuka barabara bila maswali!"

Walicheka, wengine wakampigia honi kwa makusudi ashtuke. Siku moja nilimwambia kwamba anajidhalilisha, mtu mzima mwenye heshima zake kuzunguka akidhihakiwa na watu wanaoweza kuwa wajukuu zake.

"Waache wacheke," alisema. "Anayenicheka amesimamisha gari."

Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Ilinichukua mwaka mmoja na zaidi kujua kwamba sivyo.

Ilikuwa saa nane mchana, jua kali, foleni imepungua. Dereva mmoja aliingia akimkokota mwenzake, mtu wa makamo aliyekaribia sitini, shati limelowa jasho kama ametoka mtoni. Alihema kwa kasi, mkono umekandamiza kifua, macho yametoka. Zamu ilikuwa ya tabibu wetu kijana, mtu mzuri na mwepesi, aliyekuwa na miezi michache tu tangu amalize chuo. Tukamlaza mgonjwa kitandani.

"Mzee, tatizo ni nini?"

"Pumu," alisema yule dereva kati ya pumzi na pumzi. "Pumu mbili... toka Makambako... halafu mbili tena."

Tabibu alinigeukia. "Pumu imembana mara nne tangu Makambako. Sista, andaa sindano, haraka."

Sindano aliyoitaka ilikuwa ya kufungua kifua. Ni dawa nzuri kwa mwenye pumu, lakini inauchapa moyo mbio. Nilivunja kichupa, nikaanza kuivuta. Mikono yangu ilijua kazi, sikufikiri chochote. Ndipo niliposikia katambuga zikiburuzwa sakafuni.

"Sista, ngoja kidogo."

Tabibu alikunja uso. "Mzee, tafadhali, hapa ni chumba cha dharura."

Dresa alikuwa ameshaushika mkono wa mgonjwa, vidole vyake mahali pake pa siku zote. Akamwinamia sikioni, akamwuliza kwa sauti ya mtu anayeongea na ndugu yake.

"Dereva, hiyo pumu umeugua au umemeza?"

Mgonjwa alimtazama kana kwamba ndiye mtu wa kwanza kuzungumza lugha yake siku ile. "Nimemeza."

"Nne?"

"Nne."

Dresa akamgeukia tabibu. "Huyu hana pumu. Amekula vidonge vya kuondoa usingizi. Mapigo yake siwezi hata kuyafuata. Msikilize kifua chake, mwanangu, kama kinalia filimbi."

Tabibu aliweka kipimo kifuani. Alisikiliza mbele, akasikiliza mgongoni. Nilimwona rangi ikimtoka. Kifua kilikuwa safi, hakuna filimbi hata moja. Moyo tu ndio uliokuwa ukigonga kama mtu aliyefungiwa ndani. Alinyoosha mkono, akaichukua sindano kutoka mkononi mwangu, akaitupa kwenye boksi la taka. Tulimpa mgonjwa dawa ya kumtuliza, tukamwekea dripu, tukamfungulia madirisha, na gari la wagonjwa lilipofika aliweza kutuambia jina lake na kwamba vidonge alivinunua kwa mchuuzi mmoja mpakani. Alipona. Baada ya wiki mbili alipita kutusalimia, akiwa abiria kwenye basi.

Siku ile gari lilipoondoka, tabibu alikaa kwenye benchi karibu na Dresa. "Nilikuwa naua mtu, mzee."

"Hujaua. Wewe umesikia neno la leo, yeye kasema la zamani."

Kesho yake mchana nilikaa mimi kwenye benchi lile. Nilitaka kujua alilijulia wapi neno lenyewe, kwa sababu nilikuwa nimewauliza madereva vijana pale maegesho na hakuna aliyewahi kulisikia.

"Nimelianzisha mimi," alisema.

Akanieleza, akitazama barabarani. Zamani, alipokuwa dirishani, dawa ya pumu ilikuwa vidonge vidogo vyeupe, efedrini, vilivyokaa kwenye kopo kubwa. Dereva mmoja aliyeugua pumu kweli alipewa, na safari iliyofuata akaja kusema kwamba kifua kimepona, tena hakusikia usingizi mpaka Mbeya. Aliwasimulia wenzake. Wenzake wakaja. Hawakuwa wagonjwa, na hawakujua jina la kidonge, na Dresa akawaambia kwa utani, kama mtu akiuliza, semeni mna pumu. Wakasema. Neno likanoga, likaenea barabara nzima. Kuwa na pumu kukawa kusafiri bila kulala. Pumu moja ilikufikisha Iringa, mbili zilikuvusha Mbeya. Safari ya haraka iliitwa safari ya pumu. Dereva mvivu alitaniwa kwamba ana kifua kizima. Mtu aliweza kusema mbele ya askari, "Jamani, pumu imeniishia," na askari akampa pole.

"Nilifurahi, Sista. Mimi mtu mdogo wa dirishani, madereva wa Zambia wananijua kwa cheo changu. Waliniletea mchele wa Kyela, waliniletea ndizi. Nikaona nawasaidia. Nikaona hata nchi naisaidia, mizigo inafika."

Kisha akaja dereva mmoja wa Kidodi, kijana, ameoa karibuni. Dresa alimpenda kwa sababu alikuwa mcheshi na alikuwa akimwita kaka. Aliomba vidonge viwili. Dresa akampa vinne. Siku ya pili yake, mchana, lori lake lilikosa kona kwenye milima ya Iyovi. Alikuwa hajalala siku mbili.

"Watu waliomwona akipita hapa akiyumba walisema amelewa," Dresa alisema. "Habari ikafika kwao hivyo. Dereva mlevi kajiua."

"Na wewe ulisema nini?"

"Nilinyamaza."

Lori la miwa lilipita, likamwaga vipande viwili barabarani. Alingoja kelele zake ziishe.

"Kopo nilililaza kabatini nikalifungia. Madereva walinitukana, nikatukanwa. Lakini kufunga kopo si kusema kweli. Unanisikia nikiwahimiza watu kutaja kila kitu kwa jina lake. Mimi mwenyewe nimeacha jina la mtu liozee uongoni."

Nilikuwa nimempenda mzee huyu kwa wepesi, kama tunavyowapenda wazee wasio wetu, tukichekea vituko vyao. Mchana ule upendo ule ulipata uzito. Haukupungua. Ila niliacha kumhurumia alipokwenda maegesho.

Baadaye miguu yake ilianza kuvimba, na binti yake akamchukua kwenda kukaa naye Kilosa mjini. Benchi letu lilipata nafasi, na mara kwa mara mtu mzima aliondoka dirishani bila dawa kwa sababu hakuna aliyejua alichoomba. Miaka miwili ilipita. Nilipokwenda Kilosa kufuatilia barua zangu za uhamisho, nilimtafuta. Nilimkuta uani kwa binti yake, upande wa mto Mkondoa, amekaa kwenye kiti cha kamba. Amepungua, suti imekuwa kubwa. Aliniuliza habari za kila mtu wa zahanati mmoja mmoja. Binti yake alipoingia ndani kuleta chai, alishusha sauti.

"Una siku mbili, Sista?"

"Za nini, mzee?"

"Nipeleke Kidodi. Mjane wa yule dereva yuko hai, nimeulizia. Binti yangu atakataa kwa sababu ya miguu. Wewe ni nesi, ukisema naweza, atakubali."

Hakuwa na hali ya kusafiri, na mimi nililijua hilo. Nilimwambia binti yake kwamba anaweza.

Tulikwenda Alhamisi, kwa basi mpaka Mikumi, kisha kwa jingine kuelekea Kidodi, na kila tuliposimama nilimnyoosha miguu. Nyumba tulioneshwa bila shida. Mjane alikuwa uani akichambua majani ya kunde, mwanamke mkavu, mwenye mgongo ulionyooka, shamba la miwa likianzia nyuma ya jiko lake. Alipomwona mzee aliyemzidi umri akiingia kwa fimbo, aliweka ungo chini, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, baba."

Dresa hakuitikia.

Kwetu mtu haachi shikamoo ikining'inia. Mama yule aliduwaa. Nilidhani Dresa hakusikia, nikataka kumgusa, lakini aliinua mkono.

"Usiniamkie kwanza, mama. Nisikilize, ukimaliza utaona kama ninastahili."

Alisimulia akiwa amesimama. Alikataa kigoda. Alisema yeye ni nani, alikuwa anafanya kazi gani, vidonge vilikuwa vya nini, vingapi viliombwa na vingapi alitoa. Mama alisikiliza mikono yake ikiwa imetulia mapajani. Alipomaliza, mama aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo hakulewa?"

"Hakulewa, mama. Hajawahi kulewa. Alikuwa macho siku mbili, kwa dawa yangu."

"Na wewe ulijua."

"Nilijua."

"Siku zote hizi."

"Siku zote."

Mama alinyanyuka. Nilifikiri atampiga, na nadhani Dresa naye alifikiri hivyo, kwa sababu aliivua kofia yake. Lakini alizunguka jiko, akaita kuelekea kwenye miwa. Mwanamume mmoja alitokea, panga mkononi, ndevu zimeanza mvi. Alikuwa mwanawe, aliyezaliwa miezi mitano baada ya baba yake kufa.

"Huyu alikua akiitwa mtoto wa mlevi," mama alimwambia Dresa. "Shuleni, kisimani, hata siku ya harusi yake. Baba yake alizikwa na watu wanane, wengine waliona aibu kuja. Mwambie na huyu. Usiruke kitu."

Dresa alirudia yote. Sauti ilikuwa inamwishia. Mwana alilaza panga chini, akakaa juu ya kuni, akafunika uso kwa viganja. Alipoviondoa, aliuliza kama mzee anaweza kulala Kidodi siku moja, kwa kuwa kesho ni Ijumaa.

"Naweza," alisema Dresa.

Tulilala pale, yeye chumba cha mwana, mimi kwa mama. Mama alitupa maji ya kuoga, ugali na kunde. Neno la msamaha halikutamkwa. Dresa aliponawa mikono baada ya kula, alianza kusema, "Mama, kama utaweza..." Mama akamkata hapohapo, bila ukali. "Mimi na wewe bado, baba. Kesho kwanza."

Ijumaa baada ya swala, wanaume hawakutawanyika. Mwana alikuwa amewaomba wakae. Dresa alisaidiwa kusimama kwenye baraza la msikiti, na sisi wanawake tukawa nje, kando ya ukuta, mama mbele yetu sote. Wengi wa wanaume wale walikuwa vijana mno kumjua marehemu, lakini safu ya mbele ilikuwa na wazee watano au sita wa rika lake. Dresa alianza kwa jina la marehemu, jina lake kamili pamoja na la baba yake. Akaendelea mpaka mwisho, akikatika pumzi na kuanza tena. Alipofika pale pa kusema kwamba mtu huyu hakuwa na tone la pombe, mmoja wa wazee wale wa mbele aliinamisha kichwa.

Mama aliona. Alijifunga kanga yake upya, kwa fundo la kukaza, akapiga hatua mbili mpaka penye baraza, akasema kwa sauti iliyofika ndani.

"Mmesikia?"